Ga ya Mama

Kuna watu wakikasirika hunyamaza. Mimi huimba, na sauti yangu ya hasira hupita kinanda, jambo ambalo kaka yangu amelilalamikia tangu tukiwa watoto. Nasema mapema ili msomaji ajue anakaa na nani: haya nayaandika nikiwa na hasira bado. Kesi imekwisha, mama yuko nyumbani kwake, na watu wa kanisani wananiambia mwimbaji wa Injili hapaswi kubeba kinyongo. Wao wabebe nyimbo, kinyongo waniachie mimi.

Kwetu ni kijiji cha rasi, mbele kidogo ya Murangi, mahali ambapo ukisimama uani unaona ziwa pande mbili. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na wa kwaya pia. Alituandikia nota kwa chaki kwenye mlango wa stoo, na kila mtu nyumbani alikuwa na sauti yake: ya kwanza mimi, ya pili mama, ya tatu kaka, ya nne baba mwenyewe. Jioni hatukula mpaka wimbo mmoja ukae sawa. Kaka akipotea, na alipotea sana, ugali ulipoa na sato akapoa, sisi tunatazama tu na baba anagonga meza kwa kidole. Hadi leo nikisikia mtu akisema "turudie kuanzia mwanzo" tumbo linaniunguruma.

Mama hakusoma nota hata moja. Alisikiliza wimbo mara moja, akatafuta mahali pake chini ya sauti yangu, akakaa hapo. Nyimbo zetu nyingi alizitunga yeye akimenya mihogo, baba akaziandika, na kwenye kava la kaseti likachapwa jina la baba peke yake. Hilo nilipaswa kulikasirikia mapema. Nilikuwa msichana, niliona ndivyo kaseti zinavyochapwa.

Wimbo uliotutoa kijijini ulikuwa wake pia. Sisi huanika mihogo juu ya miamba ikauke iwe udaga, na mvua ikitokea ziwani unaacha kila kitu unakimbia kuanua. Mama aliimba hivi: "Bwana, unanionaga nikianika, unanionaga nikianua." Basi, hayo tu, yanazunguka, na sisi wengine tunayajenga juu na chini. Makanisa ya Bunda na Musoma yaliupenda mno. Tulialikwa kwenye harusi, kwenye mikutano, kwenye kufungua majengo. Mwishowe tukaenda Mwanza kurekodi.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze hiyo "ga". Sisi wa Mara, na majirani zetu wengi wa Kanda ya Ziwa, tunaitia mwishoni mwa kitenzi tukitaka kusema jambo ni la siku zote. Ukisema unakula samaki, labda ni leo tu. Ukisema unakulaga samaki, ndiyo maisha yako hayo, jana, leo na kesho. Shuleni tulichapwa kwa ajili ya hiyo ga. Baba mwenyewe aliwachapa wenzetu kwa ajili yake mchana, na jioni akaja nyumbani kuuliza nani huwaga anaficha chaki zake.

Kule studio fundi wa mitambo aliposikia "unanionaga" alicheka mpaka akavua vile visikilizio masikioni. "Mama, hapa tunarekodi Kiswahili," alisema. Alisema kwa utani, na kaka akacheka naye. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kualikwa kuimba mikoa mingine, nilikuwa nimeshaonja aibu ya watu kuiga ninavyoongea. Nikasema tubadilishe, tuimbe "Bwana, huniona." Mama alijaribu. Mara ya kwanza akaweza, mara ya pili akaweza, mara ya tatu ga ikaja yenyewe, na fundi akasimamisha. Nikamwendea fundi nikamwambia ashushe maiki ya mama. Nilisema mimi, siyo kaka wala baba. Ukiisikiliza rekodi ile leo, sauti ya pili haipo kabisa.

Baba alikufa kwa kisukari. Tulimzika uani kwake, matanga yakaisha, na mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Nikamchukua kwangu Musoma, ambako nina meza ya vitenge sokoni, apasuliwe jicho moja lipone ndipo apasuliwe la pili. Ilichukua miezi. Katika miezi hiyo hakuacha shamba hata kidogo. Alikuwa anarudi kijijini kila baada ya wiki mbili, na kitambaa chake jichoni, kupalilia mihogo kwa kupapasa, nami namgombeza na yeye hanisikii.

Siku moja akakuta nguzo. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alikuwa amechimbia nguzo katikati ya mihogo na kuvuta seng'enge hadi karibu na jiko. Alikuwa amepata mtu wa kujenga nyumba ya wageni pale ufukweni. Mama alinisimulia mazungumzo yao neno kwa neno, na mama haongezagi chumvi.

"Shemeji, wewe si ulishahamia mjini kwa binti yako?" baba mdogo alimwuliza.

"Nimehama, na jembe langu liko mlangoni?"

"Jembe ni la marehemu."

Nataka mtu aniambie mwanamume anatamkaje neno hilo bila ulimi kumuuma. Jembe ni la marehemu! Marehemu alishika chaki miaka thelathini, jembe lile hakulijua hata uzito wake.

Kilichoniumiza zaidi ni karatasi aliyokuwa nayo baba mdogo. Ilisema familia imekubaliana kwamba mjane amehamia Musoma na ardhi imerudi kwa ukoo. Chini yake kulikuwa na sahihi ya kaka yangu. Huyu anafundisha sekondari Bunda, anajua kusoma anachokisaini. Nilimpigia simu nikiwa nimesimama katikati ya soko.

"Dada, punguza sauti," alisema. "Ardhi ni ya ukoo. Mama kwao ni kwingine, alikuja kuolewa tu. Nani amesema atalala nje? Tutamtunza."

"Tutamtunza nani na nani?"

"Si unakaaga naye wewe?"

Nilikata simu. Mteja aliyekuwa anashika kitenge alikirudisha mezani polepole akaondoka. Mama aliingia kwenye ardhi ile akiwa binti wa miaka ishirini hivi, akazalia pale, akazikia watoto wawili pale kabla sijazaliwa mimi, akalima mpaka vidole vikapinda. Leo mwanawe aliyesomeshwa kwa udaga wa shamba hilohilo anasema alikuja tu. Na sheria ya nchi haisemi hivyo, inasema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume. Lakini sheria inakaa mbali, na seng'enge ilikuwa jikoni.

Tukapeleka malalamiko kwenye baraza la ardhi la huko kwetu. Sitalitaja. Karani aliyepewa kuandika maelezo ya mama alikuwa mgeni, amekuja kikazi, Kiswahili chake kitamu kama cha redioni, na adabu alikuwa nayo. Alimvutia mama kiti. Jicho la mama la pili lilikuwa bado limefungwa, kwa hiyo mimi niliitwa kukaa karibu nisome kwa niaba yake.

"Mama, eneo hilo unalitumiaje?" karani aliuliza.

"Mimi nalimaga pale, mwanangu. Nalalaga pale. Kuku zangu zinalalaga pale. Musoma naendaga tu kwa ajili ya hii macho."

Karani aliandika, akapuliza wino, akasoma kwa sauti: "Nilikuwa nikilima hapo. Nilikuwa nikilala hapo. Nilikuwa na kuku hapo. Kisha nilikwenda Musoma kwa ajili ya macho."

Akanipa karatasi niipitie. Niliipitia. Naapa niliisoma yote, na nilichokiona ni ga za mama zimevalishwa suti. Hata nilifurahi. Nilijiambia leo hakuna wa kumcheka mama yangu. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama anavyofanya akisikiliza wimbo mpya.

"Ni sawa?" aliniuliza.

"Ni sawa, mama. Ameandika vizuri. Weka dole."

Akaweka dole gumba.

Siku ya baraza, baba mdogo hakuhitaji kusema mengi. Aliomba maelezo ya mama yasomwe, yakasomwa, akainua mikono. "Mwenyewe anakiri," alisema. Wazee wa baraza walishauriana kidogo, kisha wakatamka kwamba mlalamikaji alikuwa mkulima na mkazi wa eneo hilo hapo zamani na akaondoka kwa hiari. Nilidhani wamehongwa. Nilitoka pale nikitukana mpaka mlinzi akanisindikiza, na mama akinivuta mkono akisema twende, twende, mwanangu.

Jumapili iliyofuata tulikuwa na mwaliko Bunda, kufungua jengo jipya la kanisa. Familia ilikuwa imeahidi kuimba tangu baba akiwa hai. Nilikwenda. Kaka alikuwa ameshakaa kwenye kinanda, shati jeupe, tai ya baba shingoni. Akaanzisha "Bwana, huniona." Watu wakapiga makofi kwa kuutambua, mimi nikashika maiki, na nikashindwa kuanza. Akarudia mwanzo. Nikashindwa tena. Mara ya tatu niliwageukia waumini nikasema kwamba aliyetunga wimbo huu ni mwanamke, yuko hai, na anayeupigia kinanda hapa amesaini afukuzwe shambani kwake.

Mchungaji alinifikia kabla sijamaliza. Hakunisukuma. Aliweka kiganja juu ya maiki, akaniambia kwa upole kwamba madhabahu siyo mahali pa kesi za ardhi. Nikamwuliza kesi za ardhi zina mahali gani basi, kwa sababu barazani tumeambiwa sisi ni watu wa zamani. Kaka aliendelea kupiga kinanda muda wote huo. Hakukosea nota hata moja, yeye ambaye utotoni alitupozea ugali kila siku.

Nilisimamishwa kuimba kanisani. Barua ilisema ni kwa muda, ili nipate utulivu wa roho. Mialiko ikakatika, na ile iliyobaki ilikuwa ya watu waliotaka kuona kama nitafanya fujo tena. Sikupata utulivu wowote. Nilipata hasira mpya kila asubuhi, kama maziwa.

Ndipo wajane wa Butiama wakaniita. Walikuwa na kikundi chao, wanakutana Jumamosi mchana kwenye darasa moja la shule, wengi wao wana kesi ya nyumba au ya shamba. Walisikia habari za Bunda wakacheka sana, wakasema huyo mwendawazimu tunamhitaji. Nilianza kwenda. Niliwaimbia, na maneno nikayabadilisha yaseme shamba pale yaliposema mbingu. Mzee mmoja wa kanisa alikuja mpaka mezani kwangu sokoni kuniuliza hiyo ni Injili gani. Nilimwambia ni ileile, ila hii ina mipaka na namba ya kiwanja. Hakununua kitenge.

Jumamosi ya tatu au ya nne niliwasomea maelezo ya mama, kuwaonyesha jinsi baraza linavyoweza kudhulumu mchana kweupe. Niliyasoma kwa sauti ya kwaya, kila neno mahali pake. Mbele yangu alikaa mjane mmoja anayeponda mawe ya dhahabu kule Buhemba, mwanamke mfupi, mikono ina vumbi ambalo halitoki hata aoge vipi. Alininyooshea kidole.

"Rudia hapo mwanzo."

"Nilikuwa nikilima hapo. Nilikuwa nikilala hapo."

"Mama yako amekufa?"

"Hapana. Yuko Musoma kwangu, amepona macho."

"Sasa mbona anaongea kama marehemu? Mtu akisema alikuwa analima, si ameacha? Yeye mwenyewe alisemaje?"

Nikafungua kinywa kusema alivyosema, nikasikia tofauti. Nalimaga. Nalalaga. Darasa zima likaguna. Nilikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamegusa kidevu, na sikuweza kuimba siku ile. Miaka yote nilikuwa nasafisha ga kwenye nyimbo, na hii moja niliyoisafisha kwa macho yangu mawili mazima ilikuwa imemtoa mama nyumbani. Karani alikosea kwa kuwa hakujua. Mimi nilijua.

Tulikata rufaa. Wale wajane walinifundisha fomu gani na dirisha gani, kwa kuwa wao walishazunguka madirisha yote. Safari hii mama alisimama mwenyewe mbele ya mwenyekiti wa baraza la juu, macho yake mawili wazi, gauni lake la zambarau la kwaya. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo, lafudhi yake ya kusini, akawa anasoma karatasi na kumtazama mama.

"Hapa umesema ulikuwa ukilima. Uliacha lini?"

"Sijaachaga, mheshimiwa. Nilisema nalimaga."

"Nalimaga ndiyo nini?"

Baba mdogo akainuka haraka. Alikuwa amevaa koti na joto lile lote. "Mheshimiwa, ni Kiswahili kibovu tu cha huku. Maana yake ni kwamba alikuwa analima, zamani."

"Asante. Wewe mwenyewe unakaa kijijini hapo?"

"Hapana, mheshimiwa. Mimi nakaaga Bunda."

Mwenyekiti alishusha miwani. "Ulikuwa unakaa Bunda. Siku hizi umehamia wapi?"

"Sijahama. Nakaaga Bunda mpaka leo, hata asubuhi nimetokea hukohuko."

Nyuma yangu yule mponda mawe wa Buhemba alitoa mlio kama wa kuku anayekabwa. Kisha chumba kizima kikacheka, karani wa pale akiwemo. Baba mdogo aligeuka huku na huku akitafuta kilichowachekesha, na ilimchukua muda kukiona. Mwenyekiti hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu, akawauliza majirani wawili waliokuja kushuhudia kama mama wanamwonaga shambani, akatumia neno hilohilo, akaandika tena.

Hukumu ilitoka baadaye: nyumba na shamba ni vya mama, nguzo zing'olewe. Kaka alinitumia ujumbe wa simu, "Mungu ni mwema." Sijaujibu. Alimtumia mama pia, na mama akamjibu amwambie lini anakuja kula samaki. Hayo ni yao. Kwangu mimi, aliyesaini karatasi ile aje kwanza aniimbie sauti ya tatu mbele ya waumini walewale wa Bunda, na aseme nani alitunga wimbo.

Siku tuliyomrudisha mama nyumbani, tulikaa kwenye miamba tukimenya mihogo. Nguzo zilikuwa zimeng'olewa, mashimo yamebaki, kuku wanaoga vumbi humo. Mimi nilikuwa naongea. Nilikuwa nimeshamsema baba mdogo, nimeshamsema kaka na mchungaji, sasa nilikuwa kwa karani. Nikasema mtu akisomea Kiswahili cha watu na asijue wanachosema, bora angesomea kushona. Nikasema alimtega mama, mama asiyeona, akamsomea upesi ili asishike maneno.

"Hakusoma upesi," mama alisema. "Alisoma taratibu. Nilisikia yote."

Nikaacha kisu. "Ulisikia nini?"

"Nilisikia siyo niliyosema. Ile ilikuwa ya mtu ameondoka."

"Sasa mbona uliweka dole?"

Mama alitupa muhogo kwenye beseni, akachukua mwingine, akautafuta kichwa kwa kidole gumba.

"Si nilikuuliza. Ukasema ameandika vizuri. Nikaona ulivyofurahi. Ningebisha mbele ya yule mgeni, ningesema hapana, andika ga, ungeonaga aibu."

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia. Tulikuwa wawili tu pale, na mmoja alikuwa mama.